Maua ya Kupelekwa Nainokanoka

Huenda unaye mama, au bibi, au mwalimu wako wa zamani huko Nainokanoka, nawe umekaa Arusha au Dar es Salaam kwa ajili ya kazi. Sasa imefika siku yake: mdogo wako anapokea Kipaimara, au binti wa nduguyo anafunga ndoa, au mama ametoka hospitali salama. Umepita mbele ya duka la maua, ukaona mawaridi yamefungwa vizuri katika karatasi inayong'aa, ukajiambia moyoni, "Na mimi nitapeleka." Jambo jema. Walakini kabla hujatoa fedha yako mfukoni, keti kidogo tuzungumze, maana safari ya kutoka dukani mpaka kwenye boma la Nainokanoka ni ndefu, nalo ua lina maisha mafupi.

Kwanza tuwatazame wenzetu wa Ulaya na Marekani, ambao wamezoea sana kupelekeana maua. Je, mtu wa Hamburg akitaka kumpa maua shangazi yake aliye Munich, huyafunga akayatia katika gari la moshi? Hasha. Mwaka 1908 muuza maua mmoja wa Berlin, jina lake Max Hübner, aliona kwamba maua mengi hufika yamenyauka, akafanya mapatano na wauza maua wenzake wa miji mingine. Wewe unamlipa muuza maua wa kwenu, naye anamwarifu mwenzake wa mji ule mwingine, na huyo mwenzake ndiye anayechagua maua mabichi, anayafunga na kuyafikisha mlangoni. Mwaka 1910 wauza maua kadhaa wa Marekani wakafanya chama cha namna hiyo hiyo, wakapashana habari kwa telegramu. Tangu hapo desturi ikaenea duniani.

Umeona siri yake? Kinachosafiri ni fedha na maneno. Ua lenyewe hukatwa karibu na yule anayelipokea. Na kazi yote humtegemea mtu mmoja, yaani yule wa mwisho, anayeujua mlango.

Hapo ndipo penye shida yetu. Nainokanoka ni kijiji cha wafugaji wa Kimasai, upande wa kaskazini-mashariki wa kreta ya Ngorongoro, chini ya mlima Olmoti, pale mto Munge unapotoka ukashuka kuingia kretani. Usitafute duka la maua huko. Utapata ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda, ukungu mzito wa asubuhi, na baridi ya mahali palipo juu zaidi ya mita 2,000. Mwenye kukufungia shada vizuri utampata Karatu, kwa wapambaji wa arusi na watu wa vitalu vya miche. Au utampata Arusha, mji ambao haukosi maua, kwa kuwa mashamba ya maua yako jirani tu, Usa River. (Maua mengi ya huko hupanda ndege kwenda Ulaya. Ni ajabu kidogo kwamba ua la Usa River hufika Uholanzi kwa urahisi kuliko linavyofika Nainokanoka.)

Basi, kwa mtu wa Nainokanoka, muuza maua wa karibu ni watu wawili waliounganishwa. Yuko anayefunga maua Karatu, na yuko anayepanda nayo kwa gari kupitia lango la Lodoare, msituni, ukingoni mwa kreta, mpaka kijijini. Ukimpata wa kwanza ukamkosa wa pili, maua yako yatakaa Karatu ndani ya ndoo mpaka yanyauke. Wengi hukosea hapo. Hulipa, hupokea risiti katika simu, kisha hudhani kazi imekwisha.

Nayasema haya kwa kuwa niliwahi kuwa huyo mtu wa pili, na sikuifanya kazi yangu vizuri.

Binti mmoja wa Nainokanoka, afanyaye kazi mjini, alisikia ninakwenda upande huo. Akaniletea boksi la mawaridi mekundu na kadi, nimpelekee bibi yake. Sikuuliza sababu. Nikapanda basi Arusha alfajiri, boksi nimelipakata kama mtoto. Tulipofika Mto wa Mbu basi likasimama, na kama kawaida ya mahali pale abiria wakanunua ndizi. Mimi nami nikanunua mkungu mdogo wa ndizi mbivu, nikausukuma chini ya kiti pamoja na boksi, nikalala usingizi. Karatu nililala usiku mmoja, boksi na ndizi chumba kimoja. Asubuhi nilipofungua, petali zilikuwa zikidondoka kila niligusapo, na mawaridi mengine yameinamisha vichwa kama watu waliofiwa.

Baadaye fundi mmoja wa bustani alinieleza kosa langu. Ndizi ikiiva hutoa hewa isiyoonekana, wataalamu huiita ethilini. Hewa hiyo ndiyo inayoivisha na ndizi nyingine zilizo karibu, ndiyo maana watu huzifunika pamoja. Lakini hewa hiyo hiyo huliambia ua kwamba wakati wake umekwisha. Karneshoni ndizo huumia zaidi, na mawaridi nayo hayapendi. Kwa hiyo ukimpa mtu maua yako ayachukue katika njia ile ya Mto wa Mbu, mwambie waziwazi asiyaweke karibu na ndizi wala maembe mabivu. Atacheka, mwache acheke.

Mambo mengine ya kuyatunza si magumu. Maua yakatwe asubuhi mapema kabla jua halijawaka. Vikonyo vikatwe kwa kisu kikali, kwa mshazari, kisha viingie majini mara moja, na majani yatakayozama yaondolewe, maana huoza yakachafua maji. Ndoo iwe safi kama ya maziwa. Safarini, zungusha pamba au kitambaa chenye maji kwenye vikonyo, kisha funga mfuko juu yake. Usiyaweke juani nyuma ya kioo cha gari. Chagua yaliyofumba bado, kwa kuwa yatafumbuka njiani. Lililofumbuka dukani litafika limezeeka.

Sasa turudi kwa bibi yule.

Tulifika bomani mchana, ukungu umeanza kuondoka. Watoto wakaja wakiinamisha vichwa ili waguswe, ndiyo heshima yao. Nikamwamkia bibi, "Takwenya, koko," naye akaitikia, "Iko." Nikampa boksi. Akalifungua, akanusa, akageuza ua moja mkononi, akaniuliza kama ng'ombe hula kitu hiki. Nikasema sidhani. Akacheka, wanawake waliokuwepo wakacheka. Nikaona aibu, maana nilijua yamefika yamekufa nusu, tena kwa uzembe wangu. Kisha akaitoa kadi, akampa mjukuu wake wa darasa la nne aisome. Mtoto akasoma. Bibi akasema asome tena. Akasoma mara tatu. Mara ya tatu hakuna aliyecheka. Wakati sote tumeinamia ile kadi, mbuzi mmoja akaja taratibu akala mawaridi mawili na utepe wake.

Nilipoaga, bibi alitoka nje ya boma, akang'oa nyasi mkono mmoja, mbichi, akazitia katika boksi lile lile tupu, akalifunga. "Mpelekee," akasema. Hakuongeza neno.

Nilimpelekea binti boksi lake siku tatu baadaye, nyasi zimekwisha kukauka. Nilikuwa karibu kumwomba radhi kwa habari ya mawaridi. Alipozitazama nyasi alikaa chini, akanyamaza muda mrefu. Ndipo aliponiambia kwamba alikuwa ametoka nyumbani kwa ugomvi mkubwa, wala hakuwa amemuaga bibi yake, na ilikuwa imepita miaka minne.

Labda wewe msomaji, kama si Mmasai, utauliza nyasi zina nini. Kwa Wamasai ng'ombe ni maisha, na nyasi ni maisha ya ng'ombe. Basi mwenye kushika nyasi mkononi anataka amani. Akikukosea akaja na nyasi, ni vigumu kumkataa. Wachaga wanayo desturi inayofanana na hiyo, jani la sale: akiletewa sale mtu aliyekosewa, yampasa asamehe. Padre Vincent Donovan, Mmarekani wa Shirika la Roho Mtakatifu, aliyefanya kazi kwa Wamasai wa Loliondo katika miaka ya 1960, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1978 jinsi nyasi zilivyopitishwa toka mkono hata mkono bomani kabla ya Misa. Kama wapo waliokataa kuzipokea kwa kuwa na kinyongo, basi Misa siku hiyo haikusomwa. Wakristo wengi wa mjini tunapeana mkono wa amani huku tunatazama pengine. Wale walipaswa kulishika jambo lenyewe mkononi.

Kwa hiyo usidhani unawafundisha watu wa Nainokanoka kupeana kitu cha kondeni. Wanakijua tangu zamani, ila wao hawakichagui kwa rangi.

Lakini huenda unasema: "Maua ya kukatwa yananyauka. Mimi nitapeleka ua la chunguni, lenye mizizi, likae." Wazo hilo ni zuri, na katika nchi yetu lina historia ya kupendeza. Mwaka 1892 mtawala Mjerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alikuta katika nchi ya Usambara kimea kidogo chenye majani ya manyoya laini na maua ya zambarau. Akampelekea baba yake Ujerumani, mzee aliyependa sana miti na mimea. Mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland wa bustani za Herrenhausen, mjini Hannover, akakipa jina la Saintpaulia kwa heshima ya familia ile. Wajerumani hata leo hukiita urujuani ya Usambara. Ndicho kimea kinachouzwa katika vyungu vidogo karibu kila mji wa Ulaya na Marekani, zawadi ya mama, ya mgonjwa, ya mwalimu. Yaani zawadi ya chunguni inayojulikana sana duniani ilitoka Tanga, nayo ilianza safari yake kama zawadi ya mtoto aliye mbali kwa baba yake. Huko kwenyewe Usambara, ndugu zake wa porini wamekuwa haba kwa sababu misitu imekatwa.

Walakini usiipeleke Saintpaulia Nainokanoka. Haipendi baridi, usiku wa Juni au Julai utaiua. Nyumba ya Kimasai ina giza na moshi, haina dirisha la kuweka chungu. Ukikiweka nje watakuja mbuzi, na mbuzi umekwisha kuwasikia.

Tena kuna jambo zito kuliko baridi. Nainokanoka iko ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, iliyoanzishwa mwaka 1959 ili watu, mifugo na wanyama wa porini wakae pamoja. Kulima kulikatazwa humo mwaka 1975, kukaruhusiwa mwaka 1992, kisha kukakatazwa tena mwaka 2009. Wakazi wenyewe wana maneno mengi juu ya katazo hilo, nami siwezi kuyamaliza hapa. Mama anayenunua mahindi yote anayopika, na hana ruhusa ya kupanda, anajua uchungu wake. Ninalotaka kusema ni dogo: chungu cha ua kina udongo, na udongo una mbegu usizoziona. Maua ya kigeni yamekwisha kutuletea hasara. Gugu maji asili yake ni Amerika ya Kusini. Watu walilibeba huku na huku kwa uzuri wa ua lake, na mwishoni mwa miaka ya 1980 lilikuwa limeingia Ziwa Victoria, likaziba bandari na kuwanyima wavuvi njia. Gugu karoti, lenye maua meupe madogo, limekwisha kuenea Arusha. Huharibu malisho na kuwawasha watu ngozi. Katika Ngorongoro yenyewe limeota ua la manjano lenye miiba, Argemone mexicana, ambalo kwao ni Mexico. Mahali ambapo maisha ya watu ni malisho, mbegu moja mbaya ndani ya chungu cha zawadi si mchezo.

Na mengine ni sumu kabisa. Oleanda, ule mti wa maua ya waridi na meupe unaopandwa sana mijini, majani yake machache huua mbuzi, na ng'ombe vilevile. Lantana, inayopandwa kuwa ua wa nyumba, huwadhuru ng'ombe na kuenea porini. Ukimpelekea mjomba oleanda katika chungu kizuri, halafu ndama wake akafa, utasema nini? Kadi gani itakayosomwa siku hiyo?

Kama moyo wako umeshikilia chungu, basi usikipeleke bomani. Mpe mtu wa Karatu. Wagonjwa wengi wa juu huteremka Karatu kutibiwa, na wapo ndugu wanaokaa huko kwa ajili ya shule za watoto. Jerani katika kopo la samli, dirishani mwa nyumba ya Karatu, itakaa miaka mingi na matawi yake yataanzisha makopo mengine kwa majirani. Hospitalini uliza kwanza. Wodi nyingi hazitaki udongo, na ni haki yao. Na kama ni kanisa au shule iliyo ndani ya hifadhi inayotaka maua ya chunguni, waulizeni watu wa hifadhi na serikali ya kijiji kabla ya kununua, si baada ya kufika langoni.

Kwa msiba usijisumbue na taji la maua. Litachelewa. Peleka rambirambi, sukari na majani ya chai, na kama unaweza, miguu yako.

Kwa arusi na Kipaimara, fanya hivi. Siku nne au tano mbele, mpigie simu mpambaji wa Karatu, mwulize ana maua gani mabichi wiki hiyo. Usimlazimishe mawaridi mekundu kama ana maua mazuri zaidi ya shambani mwake. Kisha mpigie katekista, au mwalimu, au dereva anayepanda Nainokanoka siku hiyo, na umlipe nauli ya boksi kama ya abiria, maana akibeba bure atalipakia chini ya magunia. Waunganishe hao wawili kwa simu wasikilizane wenyewe. Boksi lishuke kwa dereva asubuhi, apite lango mapema, kwa kuwa jioni hufungwa. Ukiwa na ndugu waliohamia Msomera, kule Handeni, tangu mwaka 2022, usisahau kwamba njia yao ni nyingine kabisa na jua lao ni kali. Kwao maua ya kukatwa yatadumu saa chache tu, ila chungu kitapata joto la kutosha.

Kadi iandike kwa mkono wako, kwa herufi kubwa, maana atakayeisoma ni mtoto. Kama unajua Kimaa, andika Kimaa. Usiandike maneno yaliyochapwa tayari dukani. Watu wataisikiliza mara tatu, na maneno ya dukani hayastahimili kusomwa mara tatu. Juu ya boksi weka jina la mpokeaji, jina la baba yake, na kitongoji chake, kwa sababu mabomani hakuna namba za nyumba. Chini yake andika namba yako ya simu, na kwa wino mwekundu: LISIKAE NA NDIZI.